Riwaya za "itaendelea" zinunuliwe kwa fedha ya mchango, au kila mtu ajinunulie?

Mwanzisha mada, Chuno, Mtwara

Habari za jioni ndugu wasomaji wa Mtwara na Lindi. Mwezi huu nimemaliza riwaya mbili na zimenigombanisha na watu ninaowapenda, ndiyo maana nimeamua kuileta kesi hapa mbele za watu.

Kwa asiyetufahamu: kwenye steshenari yangu, chini ya meza ya fotokopi, kuna sanduku la vitabu. Tuko watu 11. Kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 2,000, tunaagiza kitabu Dar, kinapakiwa kwenye basi, kikifika kinasomwa kwa zamu. Hatujawahi kuzozana kuhusu nani kachelewa kulipa. Tunazozana kuhusu nini kinunuliwe.

Mchango uliopita ulinunua *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, Ida Hadjivayanis akaitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaichapa 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobeli. Mwezi huu mwenzetu mmoja amependekeza tuchukue hadithi ya vipande inayouzwa kwenye simu, sehemu 64, mapenzi na kisasi. Hapo ndipo wengine wakasema mchango hauwezi kununua takataka. Neno hilo limenichoma, kwa sababu mimi nimezisoma zote mbili mpaka neno la mwisho.

*Peponi* nilikaa nayo wiki tatu. Mtoto Yusuf anaondoka kwao akiwa katika mwaka wake wa 12, anaona kama anakwenda kutembea kwa tajiri Aziz, kumbe baba yake kamweka rehani kwa deni. Hakuna anayemkalisha chini kumwambia. Anakuja kuambiwa dukani na Khalil, kijana mwingine aliyewekwa pale kama yeye. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikaenda kuwaangalia wanangu walivyolala.

Ile ya vipande niliimaliza kwa siku mbili. Saa nane usiku bado nimeshika simu, waya wa chaja umenivuta mpaka ukingoni mwa kitanda. Nilinunua zote kwa mkupuo kwa sababu nilishaumia: kuna mwandishi niliwahi kumrushia pesa hadithi ikiwa sehemu ya 20, ikafika ya 31, akaandika "itaendelea", na mpaka leo haijaendelea. Anayejua arosto ya hadithi, ile kiu ya kukatiwa utamu katikati, ananielewa.

Msimamo wangu ni huu. Riwaya nyepesi iingie kwenye sanduku, kwa mchango wa wote, na ikishaingia isomwe kwa ukali uleule tunaousomea vitabu vya tuzo. Ninachokikataa ni kuisoma usiku na kuikana asubuhi. Wanaobisha waje wafungue sanduku watazame ukingo wa kurasa. Kuna riwaya tatu humo za waandishi wakubwa: kurasa thelathini za mwanzo zimeingia weusi wa vidole, zilizobaki nyeupe kama zilivyotoka kiwandani. Kuna moja ya upelelezi, jalada halipo tena, ukurasa wa mwisho una alama ya mchuzi. Vidole havidanganyi.

Na ukali wenyewe nianze nao mimi. Nusu ya kwanza ya hadithi ile imeandikwa na mtu anayejua kazi. Sehemu ya 12 inakatika mkono ukiwa juu ya komeo, na sisi tunajua kilichoko ndani ya chumba, mwenye mkono hajui. Lakini kuanzia ya 45 mwandishi kachoka. Anatokea pacha ambaye hakuwahi kutajwa. Halafu kuna mlinzi wa getini. Hana jina. Anaitwa "Mmakonde" kutoka sehemu ya 3 mpaka anapopigwa risasi katika sehemu ya 41, na hata siku ya kuzikwa hakuna anayeuliza alikuwa anaitwa nani. Mimi ni Mmakonde wa Mahuta, na ndugu zangu wawili ni walinzi Dar. Iliniuma. Bado nasema inunuliwe. Tusemezane.

Mwalimu wa Kiswahili, Newala

Dada, nimekusoma kwa makini na hoja ya vidole nimeikubali. Lakini umechanganya mambo mawili. Sisi walimu tunafundisha kuna riwaya dhati, zile nzito, na kuna riwaya pendwa, zile nyepesi za mapenzi na upelelezi, na sijawahi kumwambia mwanafunzi kwamba pendwa ni takataka. Suala lako ni la fedha, na kwenye fedha umekosea hesabu.

Watu 11 kwa 2,000 ni shilingi 22,000. Kwa bei za sasa, ukiongeza na nauli ya mzigo, hicho ni kitabu kimoja, mkibahatika viwili vyembamba. Hadithi ya vipande mtu anainunua peke yake kwa buku moja au mbili, anaisoma kitandani, basi. Watu wanachanga ili wapate kile ambacho mmoja wao hawezi kukipata. Kijijini hatuchangi kununua chumvi, tunachanga kuchimba kisima, na sisi wa Newala tunajua maji ni nini.

La pili ni lugha. Nimefuatilia hadithi mbili za simu mwaka huu ili nisiwalaumu wanafunzi wangu kwa kitu nisichokijua. Moja ilikuwa nzuri kabisa katika kujenga wahusika. Lakini herufi *h* imeteswa humo. Dada wa marehemu anasema mbele ya baraza la ukoo, "shemeji yangu ana mtoto." Nikaendelea, nikaona mambo hayaendi, nikarudi nyuma mara tatu, ndipo nikagundua mwandishi alikusudia "hana mtoto". Kesi nzima ya mirathi imesimama kwenye herufi moja, na herufi yenyewe haipo! Mhariri angeiona kwa dakika moja. Halafu mtoto wa kidato cha pili anakuja kuniandikia insha "akuna" na "ujaja", nikimkosoa ananionyesha simu.

Kwa hiyo sikatai utamu. Nakataa mchango wa wengi ulipie kazi ambayo mwandishi mwenyewe hakuipitia hata mara moja kabla ya kuiuza.

Bodaboda, Mnazi Mmoja, Lindi

Shikamoo mwalimu. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, kijiwe changu ni hapa zinapokutana barabara za Mtwara, Masasi na Lindi mjini. Sehemu moja ya hadithi inaisha kabla abiria hajafika. Ndiyo maana nasoma vipande, havinidai siku nzima.

Ila kuna kitu watu wanapenda kunisemea, kwamba ah, mwache asome hizo, zitampandisha taratibu mpaka avifikie vitabu vya maana. Mimi sipandi ngazi. Mwaka huu mteja wangu mmoja kaniachia *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Nimeimaliza kwa miezi miwili. Yasmin binti mdogo kaozwa mzee, anatoroka, anampenda Denge, Denge anatafutwa na polisi wa mkoloni. Sasa nawauliza, hayo si mapenzi? Si kufukuzana? Mbona nilikuwa naificha chini ya siti ya pikipiki ili nisiipitilize foleni yangu? Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba watu wa mle ndani wakiteseka, wanateseka kwa sababu ya kitu. Kwenye vipande mara nyingi wanateseka kwa sababu sehemu ya leo lazima iishe na machozi.

Mchango uwe wa vyote. Lakini kitabu kiwe na sababu.

Mwanafunzi wa chuo, Mtwara mjini

Naongeza mawili kwa ufupi. Mwalimu, riwaya ya *Mfadhili* ya Hussein Tuwa, mwandishi tuliyemjua kwa hadithi za kusisimua, iliingizwa kwenye orodha ya kidato cha tano na sita pamoja na hiyo hiyo *Vuta N'kuvute*. Kwa hiyo ukuta unaousema ulishatobolewa na wenye mitaala wenyewe.

Na dada mwenye steshenari, swali gumu ni lako. Ukinunua nakala moja ya simu ukaitoa fotokopi watu 11 wasome, mwandishi kapata buku moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda yeye kama inavyomlinda aliyechapwa Dar. Naona wote mmelipita hili kimya.

Muuguzi mstaafu, Masasi

Wanangu, hamjambo. Nimewasoma wote. Naandika taratibu kwa sababu ya macho, mnivumilie.

Sina ugomvi na hadithi za mapenzi. Nilipokuwa msichana, *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilikuwa imezuiwa shuleni. Tuliisoma bwenini, imevalishwa karatasi ya kaki kama daftari la hesabu, zamu yako ikifika una usiku mmoja tu. Walituambia itatuharibu. Baadaye kitabu kile kile kikaja kuwa cha kiada, binti yangu akakijibia mtihani. Kwa hiyo mtu akiniambia kitabu fulani ni uchafu, huwa nasubiri.

*Peponi* nami nimeisoma, mjukuu wangu alinisomea kurasa za mwisho. Neno rehani nilianza kulisikia kwa bibi yangu mzaa mama. Misafara ya watumwa ya huku kwetu ilitoka Kilwa, Lindi na Mikindani kwenda mpaka Ziwa Nyasa, na bibi alikuwa na shangazi yake aliyetajwa jina tu, hakuna aliyejua aliishia wapi. Nilipomaliza kitabu nilimtaja shangazi yule kwa jina mbele ya wajukuu, wakaniuliza ni nani. Hiyo ndiyo kazi kitabu kile kilinifanyia.

Sasa hiyo ya sehemu 64. Mjukuu anayo, nilimwomba anisomee kwa sababu nilisikia ndani yake kuna unyago, yale mafunzo ya wasichana waliovunja ungo. Alifika sehemu ya 17 akaona haya, nikaichukua simu nikasoma mwenyewe na miwani. Binti wa Dar anapelekwa kijijini Mtwara, anaingizwa kwenye nyumba ya giza, makungwi wanamzunguka, na kurasa zote zile hakuna kinachofundishwa ila mambo ya kitandani. Anatoka kule anakuwa mtaalamu wa kuwatia wanaume wazimu. Imeisha. Huo ndio unyago wa mwandishi.

Mimi nimewekwa ndani. Nilifundishwa nikiingia mwezini nifanye nini, kitambaa nikifue vipi na nikianike wapi. Nilifundishwa kumsalimia mkubwa kwa goti, kukaa na siri ya nyumba, kumuuguza mkwe bila kumuonyesha uso wa kuchoka. Nilikuja kuwa muuguzi miaka thelathini na kitu, na mkono wa kumgeuza mgonjwa kitandani nilianza kufundishwa na somo yangu, kungwi wangu wa unyagoni, siyo chuoni. La chumbani lilikuwepo, sikatai, lilikuwa siku moja kati ya siku nyingi, na liliimbwa kwa mafumbo ambayo nusu yake niliyaelewa nikiwa na watoto wawili.

Yako ya kulaumiwa kwenye unyago, na nimeyalaumu kwa mdomo wangu mbele ya wanawake wenzangu. Kuchukua mtoto wa darasa la tatu ukamcheza kama mwali, huko ni kumkosea mtoto. Mwandishi angeandika hilo ningemshika mkono. Lakini ameona nyumba yetu ina giza, akaweka ndani yake anachokitaka yeye. Na wasichana wa Arusha na Mwanza wanasoma, wanatujua kwa hilo.

Sisemi msinunue. Nasema mtu akikununulia kitu cha kukutukana kwa mchango wako mwenyewe, angalau uwe na pa kujibu.

Mkulima wa korosho, Tandahimba

Mama shikamoo. Umesema vizuri kunizidi, mimi nina la korosho tu.

Hadithi hiyo hiyo, sehemu ya 15, msichana anashuka kwenye basi mwezi wa nne anapita chini ya mikorosho "iliyosheheni mabibo mekundu". Mwezi wa nne! Mwezi wa nne sisi tunapalilia mashamba tukiisubiri mvua iishe. Salfa, dawa ya mikorosho, tunaanza kupuliza kiangazi kikishaingia, na korosho zinaanguka kuelekea mwezi wa kumi, ndipo minada inaanza. Mwandishi angempigia simu mtu yeyote mwenye namba ya Tandahimba asingeandika hivyo. Niliposoma pale nikaacha kumwamini hata aliposema binti analia.

Mwalimu anataka mchango ununue kisima. Sawa. Lakini hicho kisima hakijachimbwa. Nimekuwa nikitafuta riwaya, iwe nzito iwe nyepesi, yenye msimu wa 2018 ndani yake. Novemba ile serikali ilisimamisha wanunuzi binafsi, wanajeshi wakaja kubeba korosho, bei ikatangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, halafu ukaja uhakiki wa nani ana shamba na nani ni kangomba. Kwa wasiojua, kangomba ni yule anayezunguka vijijini kununua kwa mkulima mwenye shida kabla mzigo haujafika ghalani, kwa bei ya huruma. Kijana wa kangomba aliyenunua kwa fedha za kukopa, magunia yamekwama, mkulima aliyemuuzia ndiye baba wa mchumba wake. Mnataka mapenzi? Hayo hapo. Mnataka kisasi? Hicho hapo. Ningechanga hata elfu kumi kwa hadithi hiyo, na ingekuja kwa vipande ningevumilia arosto.

Hatuandikwi na wakubwa, na wadogo wakituandika wanakosea mwezi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pendwa na dhati.

Mwalimu wa Kiswahili, Newala

Mama, shikamoo na nakushukuru. Kijana wa chuo, *Mfadhili* ninaijua, nimeifundisha, na ndiyo inayonipa nguvu. Ile imepita kwa mhariri, imepita kwa mchapishaji, ina mtu wa kulaumiwa ikikosewa. Sijasema kitabu kisiwe kitamu. Ninaupinga uzembe.

Lakini naomba nirudi kwenye hesabu yangu, sijajibiwa. Kwa nini fedha ya watu 11 inunue kitu cha buku mbili?

Mwanzisha mada, Chuno, Mtwara

Mwalimu, nakujibu, na hesabu yako nimeilalia siku mbili.

Ulichosema kuhusu kisima ni kweli kwa mtu mwenye simu kubwa. Katika sisi 11, watatu wana kitochi. Mmoja anauza ming'oko, ile mizizi ya porini, sokoni, mmoja ni fundi cherehani, mmoja ni mzee wetu wa Magomeni ambaye hata hiyo kitochi anaishikilia mbali na uso. Hao hawawezi kujinunulia kwa buku mbili, maana cha kusomea hawana. Wanapowasikia wenzao wakibishana kuhusu sehemu ya 12 wananyamaza. Kwao hao, hadithi ya simu ndiyo kitabu kilicho mbali kuliko *Peponi*. *Peponi* inafika kwa basi, unaishika.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nilimpigia mwandishi. Namba iko chini ya kila sehemu, ila nadhani wengi tunaitumia kumlipa tu. Nimemweleza kwamba tunataka kutoa nakala moja ya karatasi isomwe na kikundi, nikamuuliza haki yake ni kiasi gani. Alikaa kimya, akasema hajawahi kuulizwa. Tumekubaliana shilingi 5,000, na ameniandikia ujumbe wa ruhusa, nimeuchapa ukurasa wa kwanza. Kijana wa chuo, ahsante, bila swali lako ningeiba na nisingejua.

Kurasa zimetoka 148. Kwa shilingi 100 kila ukurasa ni 14,800. Ukiweka 5,000 ya mwandishi ni 19,800, spairo 2,000, jumla 21,800. Mwezi huu mchango wote umekwenda kwenye kile walichokiita takataka, na watu tisa kati ya 11 wamekubali. Wawili wamekataa na wameniambia wazi, mwezi ujao watapendekeza wao.

Nilimweleza pia mwandishi kuhusu mlinzi na kuhusu mwezi wa nne. La mwezi wa nne alisema atalirekebisha. La mlinzi aliuliza, "Kwani Wamakonde hawana majina yanayofanana?" Sikujua nimjibu nini kwa simu, lakini nilimtajia majina ya kaka zangu wawili, akayaandika. La unyago sikumgusia. Mama, hilo sikuwa na haki ya kulisema mimi wakati wewe upo.

Wakati wa kuchapa nimeacha nafasi pembeni mwa kila ukurasa, upana wa vidole vitatu, na herufi nimezikuza kwa ajili ya macho yako na ya mzee wa Magomeni. Wenzangu wamekubali nakala ianzie Masasi kabla haijaingia kwenye sanduku. Kesho asubuhi naikabidhi kwa kondakta wa basi la Masasi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kalamu nyekundu nimeibandika kwa gundi ya karatasi juu ya jalada. Sehemu ya 17 inaanzia ukurasa wa 39. Andika kadiri nafasi itakavyotosha, na ikijaa, nyuma ya kila karatasi ni peupe. Ikirudi nitatoa picha za kurasa zako na kumtumia mwandishi.

Mwalimu, zamu yako ya kuisoma ni baada ya mama. Zile *h* nakuachia wewe.